Programu za Kunakiliwa: Je, Vitisho Vinafundisha?

Kijana wa Hewa Bora akinunua ordinatere iliyokwisha kutumika, kwa kawaida anaipokea ikiwa na programu zote ndani, na mara nyingi hakuna aliyelipia hata moja. Yeye anaona amewekewa. Wenye programu wanaona ameiba, na tangu zamani wamemwambia hivyo kwa ukali.

Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa na miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa ordinatere barua ya wazi akiwashtaki wengi wao kwa wizi. Mwaka 1992 chama cha wachapishaji wa programu cha Marekani kilitoa video ya rap ya kuwakataza wanafunzi kunakili disketi. Watu waliicheka miaka mingi. Muungano wa BSA uliahidi pesa kwa wafanyakazi watakaowashtaki waajiri wao. Watu wa filamu nao, mwaka 2004, walifananisha kunakili filamu na kuiba gari. Tangazo hilo liliwekwa ndani ya DVD halali: aliyelipa alikaripiwa, mwenye kopi mara nyingi hakuliona kabisa.

Hata neno la Kifaransa, piratage, linamfanya kijana wetu kuwa mnyang'anyi wa baharini. Lubumbashi haina bahari.

Simtetei. Yakobo aliwakemea matajiri waliozuia mshahara wa wavunaji (Yakobo 5:4), na mtunga programu naye ni mfanyakazi. Lakini mtu anayeitwa mwizi kwa jambo ambalo mtaa mzima unalifanya, hatubu. Anacheka. Akizoea kulicheka tangazo, ataicheka na amri yenyewe, na hapo ndipo jambo hili linatuhusu sisi tunaohubiri.

Nathani alipotumwa kwa Daudi (2 Samweli 12) hakuanza na hukumu. Alisimulia juu ya maskini na kondoo wake mmoja, mpaka mfalme akakasirika mwenyewe. Ukali ulikuja nyuma, na ulipata mahali pa kushika.

Kwetu kondoo ni wa nani? Wengi watajibu: wa tajiri wa Marekani, ana wengine elfu. Basi tuanze na wa karibu, yule kijana wa Lubumbashi anayetunga programu ya kuhesabu matoleo ya kanisa au dawa za duka. Anauza moja, kesho yake iko katika flashi ya kila mtu, na yeye anaacha kazi hiyo.

Tena, kampeni nyingi zinafunga mlango bila kuonyesha mwingine. Mlango upo. LibreOffice inaandika barua na kupanga hesabu za kanisa, hata kwa Kifaransa. OpenLP inaonyesha nyimbo ukutani. Wenyewe wametoa ruhusa ya kuzinakili. Mmoja akizipakua kwa megabaiti zake, anaweza kuwagawia washiriki wote kwa flashi ileile.