Maji ya kijani: Kuchemsha pekee hakutoshi

Kuchemsha maji ya kunywa ni jambo la lazima, kwani moto huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi mengine ya kuhara. Lakini ipo hatari nyingine ya majini ambayo moto hauiondoi, na hiyo ndiyo mada yetu leo.

Kama unaishi Getanuwas, Basotu au kijiji chochote cha Hanang na Mbulu ambako watu na ng'ombe hutegemea ziwa au lambo, yaangalie maji baada ya siku kadhaa za jua kali bila upepo. Ukiona utando wa kijani mfano wa rangi iliyomwagika, na pembeni umejikusanya kama povu zito lenye harufu mbaya, usidhani ni uchafu wa majani tu. Yawezekana ni sainobakteria.

Hawa ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea. Wakiwa wachache hawana madhara. Aidha, si wote wenye sumu. Flamingo wadogo wa Ziwa Manyara hula aina mojawapo. Lakini wengine, kama jamii ya Microcystis, hutengeneza sumu inayoshambulia ini. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Je, ni nini kinachowafanya waongezeke ghafla? Mwaka 1973 wanasayansi nchini Kanada waligawa ziwa dogo, Ziwa Namba 226, kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande wenye fosforasi ukageuka kijani, na ule mwingine haukubadilika. Sababu moja ni kwamba baadhi ya sainobakteria huweza kuchukua naitrojeni kutoka hewani. Fosforasi haipatikani hewani, hivyo ikiingia majini ni kama wamefunguliwa ghala.

Na fosforasi hiyo huletwa na nani? Ni sisi wenyewe. Imo katika samadi, kinyesi na mkojo, katika mbolea ya shambani, na katika udongo unaosombwa na mvua pale ardhi inapobaki tupu. Maji yakituama na kupata joto, sainobakteria huelea juu na kuzuia mwanga usiwafikie mimea wengine. Wakifa, bakteria wengine huwaozesha na kumaliza oksijeni, samaki wakafa. Tope la chini likikosa oksijeni huachia tena fosforasi iliyokuwa imehifadhiwa humo, na utando mwingine ukapata chakula.

Jambo hili si la nchi za mbali tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliikuta sumu hiyo katika Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Huko Caruaru, Brazili, mwaka 1996, zaidi ya wagonjwa 50 waliokuwa wakisafishwa damu walifariki baada ya maji yenye sumu hiyo kutumika katika matibabu yao. Na Agosti 2014, karibu watu nusu milioni wa Toledo, Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya bomba na wala wasiyachemshe. Kwa nini? Kwa sababu moto hupasua bakteria na kumwaga sumu iliyokuwa ndani yao, na maji yakipungua kwa mvuke sumu huzidi kukolea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, zingatia haya:

Usinywe, usipikie wala usiogee maji yenye utando wa kijani. Hata kwa udhu tafuta mengine, kwani tunayasukutua mdomoni na kuyapandisha puani mara kadhaa kwa siku. Tumia maji ya kisima salama au ya mvua, nayo uyachemshe kama kawaida.

Wazuie watoto kuogelea humo. Usiruhusu mifugo inywe penye utando. Mnyama anaweza kufa ndani ya saa chache. Samaki waliokutwa wamekufa wasiliwe.

Mtu akitapika, akiharisha au akiwashwa ngozi baada ya kugusa maji hayo, mwahishe kituo cha afya na ueleze maji aliyotumia.

Kubwa zaidi ni kinga. Jengeni mbauti ya kunyweshea mbali na ukingo ili ng'ombe wasiingie ziwani. Acheni ukanda wa majani na miti kando ya maji. Msilime hadi ukingoni, na vyoo vichimbwe mbali.

Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Mwenye kulishika katazo hilo, na akalifikiria pia zizi na shamba lake, atakuwa amelinda ini la mwanawe na ng'ombe wa jirani yake.