Sarafu ya "Makosa" kwa Elfu Tano? Itazame Kabla Hujatuma Pesa

Umekaa kibandani Mtongwe, au unangoja matatu Bombolulu, mara simu inaingia picha. Ni sarafu ya shilingi 20 ya zamani, ile ya Kenyatta, sehemu ya kati imetoka na imebaki pete tu. Chini yake: "Kaka, hili ni kosa la kiwanda. Wenye pesa wanalipa laki. Tuma elfu tano nikuwekee."

Usitume bado. Sarafu zenye makosa ya kiwanda zipo kweli, na wakusanyaji huzilipia vizuri. Shida ni kuwa hata sarafu iliyogongwa nyundo jana yaweza kuuzwa kwa jina hilo hilo.

Sarafu hutengenezwaje?

Kiwandani, kipande kitupu cha chuma huwekwa katikati ya mihuri miwili, mmoja juu na mmoja chini, huku pete ikikizunguka. Mihuri hukandamiza kwa nguvu kubwa, na picha, maandishi na ukingo hutokea hapo hapo. Kosa halisi ni lile lililotokea kabla sarafu haijatoka kiwandani. Lililotokea baadaye, kwa nyundo, tupa, moto au maji ya chumvi, ni uharibifu tu. Kwa hivyo jiulize: mashine ingeweza kufanya hivi?

Mambo ya kuangalia

*Picha imekaa kando.* Kwenye kosa halisi, sehemu iliyokosa muhuri ni tupu na laini, na ile iliyopata muhuri inasomeka vizuri. Iliyogongwa nyundo, herufi zimelala na chuma kimetandazika.

*Ukingo umekatika.* Kama kipande kilikatwa vibaya kabla ya kupigwa muhuri, herufi zilizo karibu na mkato hufifia taratibu, na mara nyingi ukingo wa upande wa pili nao huwa hafifu. Mkato wa tupa hupita ghafla juu ya herufi na kuacha mikwaruzo.

*Herufi zimegeuka kama kwenye kioo.* Ukibana sarafu mbili pamoja kwenye jiriwa ya fundi, kila moja huacha alama zilizozama juu ya mwenzake. Ukiona alama hizo zimekaa juu ya picha ya kawaida iliyosagika, hiyo ni kazi ya jiriwa.

*Sehemu ya kati imetoka.* Shilingi 20 hiyo imeundwa kwa metali mbili. Yeyote mwenye nyundo anaweza kuitoa ya kati. Pete peke yake haithibitishi kitu.

*Rangi imebadilika.* Shilingi moja ya Kenyatta ni chuma kilichopakwa nikeli. Chumvi ya pwani ikila ule mpako, kutu hutokea. Hiyo si sarafu adimu, ni kutu.

Zisizo makosa kabisa

Shilingi 40 yenye picha ya Kibaki si kosa. Ilitolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Senti 10 ya Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni, ambayo huenda nyanya yako amehifadhi, ilitengenezwa na tundu katikati. Lakini tundu lililotobolewa karibu na ukingo ili sarafu ivaliwe shingoni ni kazi ya mikono ya mtu.

Linda pesa zako

- Ishike sarafu mkononi kwanza. Picha haitoshi. Ilinganishe na nyingine ya aina hiyo hiyo, ukikuza kwa kamera ya simu.
- Usitume pesa ya "kushikiliwa" kwa mtu usiyemjua.
- Mtu akidai anataka kununua sarafu yako halafu akuombe ada ya usajili au ya usafiri, achana naye. Mnunuzi ndiye anayelipa.
- Akisema ameshakulipa, angalia salio lako mwenyewe kabla hujampa sarafu. Ujumbe wa simu unaweza kughushiwa.
- Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita mhudumu wetu.
- Ukiwa umeshatuma, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu.

Na ile pete ya shilingi 20? Mwambie muuzaji akuletee mkononi. Akikataa, elfu tano yako ibaki kwenye simu.