Mionzi ya kansere: mugonjwa aache maharagi ao aendelee kula?

Kwa mukaaji wa Kashebere, awe upande wa Masisi ao wa Walikale, mionzi ya kutibu kansere ni kitu cha mbali sana. Kivu Kaskazini haina mashini ya radioterapia. Mwenye kuandikiwa mionzi anapaswa kushuka mpaka Goma kama njia inapitika, kisha avuke mupaka. Wengine wanaenda Kigali, kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe, ambayo ilianza kutoa mionzi mu mwaka wa 2019. Wengine wanaendelea mpaka Kampala, kwenye Taasisi ya Kansere ya Uganda pale Mulago. Na kufika si kupona: mu 2016 mashini ya zamani ya Mulago iliharibika, na nchi nzima ikangojea mpaka mpya ilipozinduliwa Januari 2018.

Jamaa imeuza ngombe ao kipande cha shamba juu ya safari hiyo. Tuseme ni mama mwenye kansere ya shingo ya kizazi. Mionzi ya inje inapigwa kwenye nyonga siku tano kwa wiki, mara nyingi vipindi 25, kisha mionzi ya ndani. Wanganga wanataka yote imalizike ndani ya wiki 8, kwa sababu ikichelewa, kansere inapata nafasi ya kujijenga tena. Sasa, kwenye wiki ya pili ao ya tatu, tumbo linaanza: kukatakata, hewa, kuharisha mara tano, sita kwa siku. Mama anaishiwa nguvu, anakosa kipindi kimoja, halafu kingine.

Hapo njo mashauri yanaanza kuingia kwa simu. Jirani anasema aache maharagi. Shangazi anasema sombe pia hapana, lengalenga hapana, ale paka muchele mweupe na bugari ya muhogo. Si maneno ya kijinga. Kwa miaka mingi hata wanganga wa Ulaya walikuwa wakisema vile: chakula chenye nyuzinyuzi kinakwaruza utumbo wenye kidonda, basi kipunguzwe.

Ili kuelewa sababu gani shauri hilo limeanza kupingwa, tuingie kidogo mu utumbo wenyewe. Mionzi inaua chembe zinazogawanyika haraka. Kansere inagawanyika haraka, lakini ngozi ya ndani ya utumbo pia, maana inajibadilisha kila siku chache. Kwa hiyo inaumia pamoja na kansere. Mu utumbo mupana munaishi vijidudu bila hesabu, wengi wao marafiki, nao pia wanapungua na kuvurugika. Vijidudu hao chakula chao ni nyuzinyuzi ambazo tumbo letu haliwezi kusaga. Wakizila, zinachacha, na kunatoka asidi ndogondogo. Moja inaitwa butireti, na hiyo njo chakula kikubwa cha chembe za utumbo mupana. Ukikatia mugonjwa nyuzinyuzi zote, umekatia vijidudu chakula, na ukuta wa utumbo umelala njaa wakati ule ule unapohitaji kujijenga.

London, kwenye hospitali ya Royal Marsden, walijaribu jambo hili kwa wagonjwa 166 wa mionzi ya nyonga. Matokeo yalitoka 2017. Kikundi kimoja kilikula nyuzinyuzi kidogo, gramu 10 ao chini yake kwa siku. Kingine kiliendelea na desturi yake. Cha tatu kilikula gramu 18 na kupita. Hali ya tumbo ilishuka kwa wote, lakini mwisho wa mionzi wale wa gramu 18 walikuwa wameshuka kidogo kuliko wale walioendelea na desturi yao, na tofauti ilionekana hata kisha mwaka muzima. Mu Hispania, watafiti walitoa unga wa inulini, nyuzinyuzi ya kulisha vijidudu, kwa wanawake wenye kansere za kizazi. Siku za choo cha maji zilipungua.

Unga huo hakuna mutu wa Kashebere anayeuhitaji. Sahani ya maharagi yaliyoiva, kama gramu 200, inabeba gramu 12 hivi za nyuzinyuzi. Inulini iko mu vitunguu, mu vitunguu saumu na mu puwaro. Ndizi za kupika na viazi vilivyopikwa vikapoa vina wanga ambao unafika mpaka kwa vijidudu. Chakula chenye Ulaya wananunua mu kikopo, sisi tunakilima.

Pahali pa kuangalia ni hapa: wagonjwa wa London walisimamiwa na wataalamu wa chakula, na hakuna aliyelazimishwa kula sufuria nzima. Mutu ambaye hakuzoea maharagi asianze kuyajaza wiki ya mionzi, hewa itamutesa. Mwenye kuyazoea anaweza kuendelea, sehemu ndogo mara nyingi, yameloweshwa usiku, maji yamemwagwa, yameiva mpaka yakapondeka. Kama kuharisha kumekuwa kukali, muganga anaweza kusema yapunguzwe kwa siku kadhaa, na hapo asikilizwe. Mwenye utumbo uliofinyika ao aliyepasuliwa tumbo, huyo aulize kwanza, kwa sababu kwake nyuzinyuzi zinaweza kuziba.

Maziwa nayo yanastahili neno, sisi watu wa Masisi. Utumbo uliopigwa mionzi mara nyingi unashindwa kwa muda kusaga sukari ya maziwa, na glasi moja inaweza kuongeza kuharisha. Jibini ya Masisi iliyokomaa karibu haina sukari hiyo, na maziwa yaliyoganda yana kidogo kuliko mabichi, basi yanavumilika zaidi, mradi yalichemshwa kwanza.

Anayemupikia mugonjwa aandike kila siku amekula nini na ameenda choo mara ngapi, hata kwenye karatasi ya daftari, amuonyeshe muganga. Damu mu choo, homa, kukojoa kidogo sana, ao kushindwa kunywa: siku hiyo hiyo hospitali. Na kila akiharisha, maji ya SRO, hata kama mugonjwa anasema hayana ladha.