Chakula cha Mnyama Pale Pori Lake Linapofyekwa



Ndugu wanafunzi, sote tumesoma katika Surat Hud, aya ya 6, kuwa riziki ya kila kiumbe kitembeacho juu ya ardhi iko kwa Mwenyezi Mungu (S.W.). Lakini viumbe hawakugawiwa riziki hiyo kwa namna moja. Yuko aliyejaaliwa kula vingi, na yuko anayekula vichache tu. Tofauti hiyo huonekana hasa mazingira yanapobadilika.

Tuanzie nyumbani. Kila mkulima wa Newala na Masasi anamjua nguruwe mwitu. Sisi hatumli, lakini yeye anakula karibu kila kitu: mizizi, matunda yaliyoanguka, minyoo, hata mizoga. Pori likifyekwa hapati hasara kubwa, maana tukipanda muhogo tumempandia na yeye. Wazee wanakumbuka miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vipya na mikorosho mingi ikabaki mbali, ikamezwa na magugu. Mavuno ya korosho nchini yalikuwa yamefika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka. Kwa nguruwe, vichaka vile vilikuwa neema: mahali pa kulala mchana, na mashamba jirani ya kuchimbua usiku. Ndiyo maana zipo familia zinazokesha kwenye dungu, na asubuhi mtoto anafika madrasa akisinzia.

Sange hana bahati hiyo. Huyu ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, anayefukua majani makavu chini ya vichaka kutafuta wadudu. Kichaka kikifyekwa na kuchomwa moto, majani yamekwisha na wadudu wake wamekwisha. Muhogo haumfai. Hata asipowindwa, atatoweka.

Je, mwenye kuchagua chakula hana njia kabisa? Huko Unguja, karibu na msitu wa Jozani, yupo kima punju, ambaye duniani kote hupatikana Zanzibar tu. Chakula chake kikubwa ni majani machanga. Misitu ilipopungua, baadhi yao walihamia mashambani wakala majani ya miembe na mikungu. Majani hayo yana protini nyingi, lakini yana pia kemikali zinazovuruga tumbo. Basi kima hao huokota mkaa kwenye matanuri yaliyozimwa na kuutafuna! Watafiti walioandika habari zao mwaka 1997 walieleza kuwa mkaa hunasa zile kemikali zisidhuru. Hospitalini pia, aliyemeza sumu huweza kupewa mkaa maalumu. Watoto wa kima hujifunza kwa kuwatazama mama zao.

Hata hivyo, kima aliyejifunza kula mkaa bado anahitaji miti iliyosimama. Na sange wetu anahitaji kichaka ambacho majani yake yameachwa yaanguke na kuoza bila kuchomwa.