Mama Mkulima na Elimu ya Wadudu

Magharibi ya Kenya, katika sehemu zipakanazo na Ziwa Viktoria, mahindi na mtama huandamwa na mahasimu wawili ambao aghalabu huja pamoja. Wa kwanza ni funza wa mabua, mwana wa nondo atagaye usiku, ambaye baada ya kula majani kwa siku chache huingia ndani ya bua na kulitafuna mahali ambapo dawa ya bomba haimfikii. Wa pili ni kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo: gugu lenye maua ya zambarau yapendezayo macho, lakini ambalo hunyonya mizizi ya nafaka chini ya ardhi, hata linapochomoza hasara imekwisha kutimia. Mmea mmoja huzaa mbegu kwa makumi ya maelfu, nazo zaweza kulala udongoni miaka hata 20. Taabu ya kuling'oa gugu hilo kwa mkono, juani, tangu zamani imewaangukia wanawake na watoto wao. Kwa hiyo anayeuliza ni nani apewe kwanza elimu ya kupambana na maadui hawa, jawabu atalikuta kondeni limeinama.

Elimu yenyewe haikutoka mbali. Huko Mbita, kando ya ziwa, kiko kituo cha Icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya. Katika miaka ya 1990 watafiti wake, wakiongozwa na Dk. Zeyaur Khan na wakishirikiana na wenzao wa Kenya na wa Rothamsted, Uingereza, walibuni njia iitwayo vuta-sukuma. Baina ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, ambao harufu yake huwachukiza nondo. Na kulizunguka shamba hupandwa majani ya nepia, ambayo saa ya kwanza ya giza, wakati nondo watafutapo mahali pa kutaga, hutoa kwa wingi harufu iwavutiayo. Funza waanguliwao huko wengi hufa, kwa kuwa nepia ikitobolewa hutoa utomvu unaowanasa. Hikima iliyobaki i ardhini: mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali ziziamshazo mbegu za kiduha zikaota, na nyingine ziuzuiazo mche wake usishikamane na mzizi wa mahindi, ukafa kwa kukosa riziki. Na viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulionyesha kuwa mashamba ya njia hii, yaliyochanganya desmodiamu na nyasi za brakiaria badala ya nepia, yalikuwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko yale ya mahindi matupu.

Maarifa ya namna hii hayafundishiki kwa hotuba. Shamba darasa, lililoanzishwa na Shirika la Chakula na Kilimo katika mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, liliweka mtindo ulio bora: wakulima hukutana shambani kila juma, hukagua mimea, hujadiliana na kukata shauri wenyewe. Mama akipasua bua na kukuta kando ya funza aliyekufa rundo dogo la vifuko vyeupe, na hakufundishwa, huenda akavisaga akidhani ni mayai ya adui. Kumbe ni watoto wa nyigu mdogo, Kotesia, aliyeletwa kutoka Pakistani akaachiwa katika pwani ya Kenya mwaka 1993 ili awaangamize funza hao hao. Macho yaliyozoea kupambanua mimea ya mboga za porini na kunde zenye ugonjwa hujifunza tofauti hii upesi, na mimi sioni chuo kipasacho zaidi kuliko bua lililopasuliwa mkononi mwa mwenye shamba.

Hata hivyo lipo jambo linalonitia majonzi. Desmodiamu na nepia si mimea ya msimu mmoja. Msimu wa kwanza desmodiamu hukua polepole, hudai palizi ya uangalifu kwa mkono, na faida yake kamili huja baadaye, ikidumu miaka kadhaa. Je, mama atatia jasho hilo katika ardhi ambayo mumewe au shemeji yake aweza kuikodisha baada ya mavuno bila kumshauri? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 zimempa mke haki, lakini hati ya ardhi aghalabu ingali na jina la mwanamume, na sheria iliyo Nairobi hukawia kufika kijijini. Tena mimea hii ni malisho ya ng'ombe, nayo malisho yana swali lake: desmodiamu akate mama, na fedha ya maziwa apokee nani?

Kwa hiyo wenye kuandaa mafunzo na waanze na baraza la nyumba, mume na wakwe wakiwapo, wapatane kwamba sehemu fulani ya shamba itakaa mikononi mwa mama kwa miaka isiyopungua mitatu. Saa za mafunzo zipangwe baada ya maji kuchotwa, na mwenye mtoto mchanga aje naye. Na kwa kuwa mbegu ya desmodiamu ni ghali na haipatikani kila duka, serikali za kaunti zianzishe vitalu vya vikundi vya akina mama, maana tambazi lake likikatwa na kupandwa hushika, na jirani ataweza kumpa jirani.