Asilimia Mbili Zenye Uzito: Kuisoma Picha ya Ubongo Unaofanya Kazi

Mgonjwa mwenye uvimbe karibu na sehemu ya ubongo inayoongoza mkono huwa na swali moja kabla ya upasuaji: je, mkono wangu utabaki na nguvu? Sehemu ya jibu hutafutwa kwa kipimo cha MRI cha utendaji wa ubongo, ambacho msingi wake ulielezwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990. Eneo la ubongo linapofanya kazi, damu humiminika humo kwa wingi kuliko oksijeni inayotumika. Hivyo himoglobini isiyobeba oksijeni, ambayo huvuruga uga wa sumaku, hupungua, na ishara inayopokewa na mashine hupanda kidogo.

Namba za ishara hiyo hazina kizio maalumu; hutegemea mashine na mpangilio wake. Kwa hiyo hatulinganishi namba ghafi, bali asilimia ya badiliko. Kutoka wastani wa ishara ya wakati wa kazi, toa wastani wa wakati wa mapumziko. Gawanya tofauti kwa wastani huo wa mapumziko. Kisha zidisha kwa 100.

Tuchukue mfano. Mkono ukipumzika, ishara ni 800. Vidole vikikunjwa, ni 816. Tofauti ni 16, yaani asilimia 2. Mahali pengine ishara ikipanda kutoka 1,200 hadi 1,218, tofauti ni 18, lakini badiliko ni asilimia 1.5 tu.

Kwa kawaida badiliko halizidi asilimia chache. Ndiyo maana mgonjwa huombwa kutulia kabisa, kwani kutikisika kwa kichwa kwaweza kuifunika ishara yote. Aeleze pia dawa anazotumia, na kama amekunywa kahawa, kwa kuwa kafeini hupunguza mtiririko wa damu ubongoni.

Nasi watoa huduma tusiisome asilimia peke yake. Mshipa mkubwa wa vena waweza kuikuza pasipo stahili. Kando ya uvimbe, mishipa huweza kushindwa kuitikia ilhali seli za neva zingali zikifanya kazi. Asilimia ndogo mahali hapo si kibali cha kukata. Daktari wa upasuaji huweza kuhakikisha kwa kuchochea eneo hilo kwa umeme hafifu wakati wa upasuaji.