Malaria imepona, mbona damu bado inapungua?

Wazazi wengi huuliza: "Mtoto amemaliza dawa, kipimo kinaonyesha vimelea hamna, mbona bado amepauka?" Swali hilo ni zuri, na lina jibu.

Vimelea vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Lakini chembe nyingi zinazopotea hazikuingiwa na kimelea hata kimoja. Huharibiwa na kinga ya mwili wenyewe.

Inakuwaje? Kinga ya mwili ni kama sungusungu wa kijiji chetu: humwacha mwenyeji apite na kumkamata mgeni mbaya. Chembe nyekundu zina protini juu yake zinazozuia kinga isizishambulie. Wataalamu huziita mbili kati yake CR1 na CD55. Malaria inapokuwa kali, protini hizo zaweza kupungua. Hapo sungusungu hawamtambui tena mwenyeji. Chembe nzima hubandikwa alama ya adui, kisha huishia kumezwa kwenye bandama.

Mwaka 2000 watafiti waliochunguza watoto wa magharibi mwa Kenya, upande wa pili wa Ziwa Victoria, walitoa taarifa kwamba wenye upungufu mkubwa wa damu kutokana na malaria walikuwa na CR1 na CD55 chache kuliko wagonjwa wa malaria ya kawaida. Hii ni sababu mojawapo tu. Uboho wa mifupa nao huchelewa kutengeneza damu mpya.

Kwa hiyo, mzazi, damu ikipungua usimsingizie jirani kwamba amemroga mtoto au kumnyonya damu. Usipoteze siku kwa kupiga ramli.

Fanya hivi:

1. Baada ya malaria kali, mrudishe mtoto kupimwa damu tarehe uliyopangiwa, hata kama anacheza.

2. Nyumbani tazama viganja, ulimi na ndani ya kope la chini. Vikiwa vyeupe, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

3. Akihema haraka, akilegea, akishindwa kunyonya au akikojoa mkojo mweusi, usingoje kupambazuke. Nenda na ndugu wenye afya wanaoweza kutoa damu.

4. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

Miezi ya kwanza baada ya kutoka wodini ni ya hatari. Utafiti wa watoto 1,049 wa Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waliopewa dawa ya kuzuia malaria kwa miezi 3 baada ya kuruhusiwa walirudishwa wodini au kufariki kwa uchache zaidi katika miezi hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kinga ya namna hiyo. Mwulize daktari kabla ya kuondoka hospitali. Usinunue dawa hiyo dukani kwa kubahatisha.

Kuruhusiwa kutoka wodini si mwisho wa matibabu. Damu ya mtoto inahitaji muda wa kurudi, na wewe ndiwe mlinzi wake wa kwanza.